Picha ya Mbwa Itakayokaa Ukutani Mwezi Mzima: Mwongozo wa Shindano la Kalenda

Picha ya kwenye simu mtu huitazama sekunde mbili, akaisukuma kwa kidole. Ya kalenda inaning'inia jikoni au juu ya meza ya ofisi siku 30, na anayeitazama yuko mita mbili kutoka ukutani, kikombe cha chai mkononi, anahesabu siku zilizobaki hadi mshahara. Majaji wanalijua hilo. Shirika la kuokoa mbwa linaloandaa shindano halitafuti mbwa mzuri kuliko wote, kwa sababu mbwa wote walioletwa ni wazuri na kila mmoja ana mwenyewe anayeapa kwamba wake ndiye. Linatafuta kurasa 12 ambazo watu watazinunua, ili zipatikane pesa za chanjo, unga, na kufunga uzazi. Kwa hiyo unapopiga, usiwaze mbwa peke yake. Waza ukurasa.

Kalenda za ukutani zinazochapwa huku kwetu mara nyingi ni A3 ya wima, picha nusu ya juu na tarehe nusu ya chini, au A4 ya mlalo inayokunjuliwa. Kwa vyovyote vile nafasi ya picha ni ile ile: A4 ya mlalo. Soma masharti uhakikishe, kisha ushike simu kwa upana tangu picha ya kwanza. Picha nzuri ya wima haigeuki kuwa ya mlalo bila kukata masikio au miguu, na hapo ndipo kazi nyingi safi zinapotupwa nje.

Tuzungumze namba kidogo, maana ndizo zinazomponza mtu baada ya kusifiwa. Mchapaji huomba pikseli 300 kwa kila inchi, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande ambazo mashine itazikata. A4 ya mlalo yenye ziada hiyo ni milimita 303 kwa 216, yaani pikseli 3579 kwa 2551. Simu ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000, kwa hiyo inatosha, lakini inatosha tu kama hukukata. Ukipunguza nusu ya upana ili kumsogeza mbwa karibu, zinabaki pikseli 2000, ambazo kwenye karatasi ile ni kama 168 kwa inchi, na manyoya yataonekana kama yamepakwa kwa brashi. Dawa yake ni kusogea kwa miguu. Weka pia kamera ya simu kwenye umbo la 4:3. Ukiiacha kwenye 16:9 au kwenye "skrini nzima", simu yenyewe inakukatia picha kabla hujaanza.

Jambo la mwisho kuhusu karatasi: kalenda hufungwa kwa waya upande wa juu, au hutobolewa tundu la msumari katikati. Acha angalau milimita 15 juu ya masikio, ambazo kwenye faili ni pikseli 180 hivi. Kwa macho tu, acha nafasi juu ya kichwa inayokaribia urefu wa sikio lake, utakuwa salama. Mbwa mwenye msumari katikati ya paji la uso ni kichekesho cha Januari hadi Desemba.

Mwanga kwanza, mbwa baadaye

Kwetu karibu na ikweta jua halichelewi. Linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, linapanda karibu wima, na kufika saa tatu na nusu asubuhi limeshakuwa kali, vivuli vyeusi chini ya macho na pua inang'aa kama imepakwa mafuta. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi jua linapozama. Asubuhi ni bora kwa sababu moja zaidi: ardhi bado ina baridi. Kama huna uhakika na sakafu au lami, weka mgongo wa kiganja chako juu yake sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake zitashindwa.

Lakini si lazima kulikimbilia jua. Picha nyingi za kalenda zinazodumu hupigwa kivulini, na kivuli chenyewe kiwe kizima. Chini ya mwembe kunapendeza kwa kukaa, si kwa picha: mwanga unapenya kwenye majani na kumwaga madoa meupe mgongoni na usoni mwa mbwa, na hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Majani yenyewe huongeza rangi ya kijani kwenye manyoya meupe. Tafuta kivuli cha ukuta. Asubuhi ni upande wa magharibi wa nyumba, jioni upande wa mashariki, au baraza lenye paa.

Mkalishe mbwa mita moja ndani ya kivuli, uso wake ukielekea nje kwenye anga iliyo wazi. Sasa mwangalie jichoni kwa karibu. Juu kidogo ya mboni utaona kidoa cheupe, kama kidirisha kidogo: hiyo ndiyo anga imejiakisi mle. Mgeuze mbwa robo duara aelekee ukutani na kidirisha kinazimika papo hapo; jicho linakuwa shimo la kahawia lisilo na mtu ndani. Kutoka mita mbili ukutani hakuna atakayejua kwamba kilichokosekana ni kidoa kile, lakini kila mtu ataona kwamba mbwa "hana uhai". Usibonyeze kabla ya kukiona kidirisha.

Flashi usiiwashe. Nyuma ya retina ya mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomsaidia kuona usiku, na ukimpiga flashi macho yanageuka taa za kijani au njano. Isitoshe, mbwa wengi wakishamulikwa mara moja hawataki tena kuitazama kamera siku hiyo.

Ukiwa kwenye udongo mwekundu, angalia kidevu na kifua. Udongo unarusha rangi yake juu, na mbwa mweupe anakuwa na ndevu za rangi ya chungwa. Majani mafupi yanaondoa tatizo, au mkeka, au hata saruji ya kijivu. Shuka jekundu la Kimasai linaleta kasoro ile ile, tena na kuiba macho ya mtazamaji. Kanga nayo ni mtego wa aina yake: msomaji wa Kiswahili ataisoma kwanza jina lake ndipo amwone mbwa, na jina la kanga ulilolichukua kwa haraka kabatini huenda si la kupeleka kwa majaji.

Nyuma ya mbwa

Simama pale utakapopigia, utazame nyuma yake kabla hajaletwa. Madumu, kamba ya nguo, mabati, gari lenye namba ya usajili inayosomeka, mguu wa mtu. Nguzo au shina la mti lililo sawa na kichwa litaonekana kama linaota kutoka kwenye utosi. Sogea hatua moja kushoto au kulia na linatoka. Kinachotakiwa nyuma ni kitu kimoja cha rangi moja, kilicho mbali naye mita nne au tano, na kiwe nacho kivulini. Mbwa akiwa kivulini huku ua wa nyuma unapigwa na jua, kamera itachagua mmoja wao, na mara nyingi itachagua ua.

Mbwa wetu wengi wa kienyeji ni wa rangi ya kahawia, ile ya mchanga au ya chai ya maziwa, na tunawapiga picha juu ya nyasi kavu na udongo wa kahawia. Kwenye skrini anaonekana. Ukutani anapotea kabisa. Mpeleke kwenye ua wa michongoma uliokatwa vizuri, shamba la chai, mlango uliopakwa bluu, ukuta wa chokaa, au bahari. Kwa wa Pwani, nenda asubuhi maji yakiwa yamekupwa: mchanga uliolowa ni mgumu, haumwagiki kwenye lenzi, na unaakisi anga hadi tumboni mwa mbwa. Beba maji yake ya kunywa ili asilambe ya chumvi, na chagua sehemu isiyo na watu. Si kila mpita njia anataka kuguswa na pua ya mbwa, na kwa jirani Mwislamu anayekwenda zake kuswali hilo si jambo dogo.

Kumwandaa

Muogeshe siku mbili kabla, si siku yenyewe. Manyoya yaliyooshwa leo yanasimama na kuruka ovyo. Baada ya siku mbili yamelala na yana mafuta yake kidogo yanayong'aa. Siku ya picha mpige brashi, mfute matongotongo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, na pitisha vidole nyuma ya masikio na kati ya vidole vyake kutafuta kupe. Kupe mmoja kwenye ukingo wa sikio, kwenye A4, anaonekana kama punje ya kahawa. Mvue mnyororo na kamba ya kumfungia. Ukosi mmoja safi wa rangi tulivu unatosha.

Miwani, kofia na tai tuwaachie wengine. Ukimvalisha kofia masikio yanarudi nyuma, na masikio yaliyorudi nyuma ndiyo ishara ya kwanza ya mbwa asiye na raha. Watu wa uokoaji wanaisoma ishara hiyo hata kabla ya kusoma jina lake.

Chakula chake cha mwisho kiwe saa tatu au nne kabla, ili zawadi ziwe na thamani. Mtembeze dakika 20, kisha mwache apumzike kama dakika 10 hadi ulimi urudi mdomoni. Mbwa anayehema kidogo anaonekana anatabasamu. Aliyechoka ulimi unatoka mrefu, mpana mwishoni, macho yanafinywa. Wenye pua fupi, kama Pug na Boxer, wanafika huko haraka sana, na kwao joto ni hatari kweli, kwa hiyo wapigwe mapema na kivulini tu.

Zawadi bora ni maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yakapoa, yakakatwa vipande vya ukubwa wa haragwe. Robo kilo ni nyingi kwa mbwa wawili. Usizidishe vipande 30 kwa mbwa wa kilo 10, maini mengi yanaharisha. Kipande kikubwa kina ubaya mwingine: anakitafuna muda mrefu, na unabaki na picha 50 za mbwa anayetafuna. Chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa iliyopikwa visikaribie kabisa.

Watu wawili, kazi mbili

Hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anashika kamera na hasemi kitu. Mwingine, ambaye mbwa anamtii, anatoa amri na zawadi. Amri itolewe kwa neno analolijua mbwa. Kama alifundishwa "sit", basi "sit", kama ni "keti", iwe "keti", na isisemwe na watu watatu kwa pamoja. Jina lake msiliite. Kwa mbwa, kuitwa jina ni kuambiwa njoo, naye atainuka na kuja. Watu wanaita "Simba! Simba!" halafu wanashangaa kwa nini Simba hakai.

Dakika tano za mwanzo kamera iwe chini, aje ainuse, anuse na mfuko. Zima sauti ya kubonyeza. Lenzi kubwa kwake ni jicho kubwa linalomkodolea, na mbwa wanaokodoleana macho hawako kwenye urafiki. Ndiyo maana mwingine mpole kabisa anageuza uso kila unapoiinua. Iinue, mpe kipande, ishushe. Mara tano hivi, hadi kuinuliwa kwa kamera kuwe ndiyo habari njema.

Sasa shuka. Lenzi iwe sawa na macho yake, na kwa mbwa wa kawaida kuchuchumaa hakutoshi, inabidi kulala kifudifudi juu ya mkeka. Ambaye magoti hayampi ruhusa amweke mbwa kwenye ukingo wa baraza au ngazi pana isiyoteleza, yenye urefu wa nusu mita hivi, apige akiwa amepiga magoti. Watoto wa mbwa wasipandishwe popote. Picha inayopigwa mtu akiwa amesimama inampa mbwa kichwa kikubwa na miguu mifupi, na ndiyo picha aliyonayo kila mtu.

Msaidizi asimame nyuma yako hasa, mkono wenye ini ukiwa kidole kimoja juu ya lenzi. Akisimama kando, hata nusu mita tu, macho ya mbwa yanakwenda kando na weupe wa jicho unatokeza. Kwenye picha mbwa anaonekana ana wasiwasi, kumbe alikuwa anafuata ini. Mkono usitikiswe. Ukitulia naye anatulia, akafunga mdomo, akainua masikio.

Halafu sauti. Pakiti ya biskuti inayokwaruzwa, mluzi mdogo, funguo, mwanasesere anayelia. Kila sauti inafanya kazi mara tatu, ikizidi sana nne, kisha inakufa. Anzeni na iliyo dhaifu, iliyo kali muiweke ya mwisho. Mbwa huinamisha kichwa upande anaposikia sauti asiyoielewa, na hilo hutokea kwenye ile mara ya kwanza, kwa hiyo utaratibu uwe hivi: mpiga picha anaanza kubonyeza mfululizo, anahesabu moja, ndipo msaidizi anatoa sauti. Ukisubiri uisikie sauti ndipo ubonyeze, kichwa kimesharudi.

Kipindi kimoja kisizidi dakika 15, kisha maji na mapumziko, na jumla isivuke dakika 40. Akilamba pua mara kwa mara bila chakula, akipiga miayo, akigeuza uso, mkia ukaingia katikati ya miguu, hiyo ni siku imekwisha. Rudini kesho. Mbwa wa kuokolewa, hasa aliyetoka mtaani karibuni, huenda akahitaji siku tatu za kuinusa kamera kabla ya picha ya kwanza. Aliyebaki na jicho moja au miguu mitatu mpige kama alivyo, macho yakiwa mbele. Kumficha upande ule kunafanya picha iwe na kitu cha kufichwa. Mwenye jicho moja, kidirisha cha mwanga kiwe kwenye jicho hilo.

Kamba ibaki hata uani kama geti halifungi vizuri. Chukua nyembamba, ya rangi moja, msaidizi mwingine aivute pembeni ikiwa imenyooka, ipite mbele ya majani au ukuta na si mbele ya mguu wa mbwa. Hapo kuifuta kwenye simu ni kazi ya dakika moja, kama masharti yanaruhusu kufuta. Ikipita juu ya manyoya ya kifua, iache.

Na kama mpiga picha ni mgeni kwake, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kulala chini mbele ya meno. Likitokea la kutokea, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko.

Mipangilio

Kwenye simu, gusa jicho la mbwa kwenye skrini, shikilia hadi ulengaji ujifunge, ndipo urekebishe mwanga kwa kusukuma alama ya jua juu au chini. Kaa mita moja na nusu hadi mbili. Ukisogeza simu sentimita 40 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma, inachekesha mara moja tu. Kama simu ina lenzi ya pili ya 2x, itumie. Kama 2x yake ni ya kukuza tu, inakukatia pikseli zile zile tulizozihesabu. Hali ya "potreti" inayofifisha mandhari ya nyuma hukata sharubu na nywele za masikio kana kwamba kuna mtu amepita na mkasi, kwa hiyo izime. Na simu za megapikseli 50, zikipigwa kwenye 50 zote, huwa nzito na mbwa ameshahama kabla hazijamaliza.

Kwa kamera: lenzi kati ya milimita 50 na 135, tundu lake liwe f/4 au f/5.6 na siyo f/1.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na sehemu inayotoka kali ni nyembamba). Mbwa ana pua ndefu. Kwenye f/1.8 kutoka karibu jicho linakuwa kali na pua inakuwa ukungu, au jicho moja kali na lingine la. Lenga jicho lililo karibu nawe, na kama kamera inatambua macho ya wanyama, iwashe hiyo. Kasi ya shata iwe sekunde 1/250 kwa aliyekaa, maana hata aliyekaa anatingisha kichwa, 1/500 kwa anayetembea, 1/1600 kwa anayekimbia. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ipande hadi 1600 au 3200. Chembechembe hazionekani sana kwenye karatasi, ila picha iliyotikisika inaonekana hadi barabarani.

Mbwa mweusi ndiye anayewashinda wengi, na sababu ni moja: kamera haijui kwamba ni mweusi. Inapima kila kitu kana kwamba kinatakiwa kiwe kijivu cha katikati. Akijaza fremu, kamera inasema hapa kuna giza, inaongeza mwanga, na unapata mbwa wa majivu na nyuma yake pameungua. Shusha mwanga hatua moja hivi kwenye kipimo cha +/- cha kamera, -0.7 au -1. Akiwa mdogo ndani ya mandhari angavu, kwa mfano ufukweni, kosa linageuka: kamera inaupima mchanga, mbwa anakuwa kivuli chenye ulimi. Hapo pandisha, +0.7. Kinachomwokoa zaidi kuliko namba ni mwanga wa kutoka upande mmoja, kama mlango wa baraza, unaochora ukingo wa shavu na mgongo ili manyoya yapate umbo. Usimweke mbele ya kiza wala mbele ya ukuta mweupe. Kijani cha wastani kinamfaa. Mbwa mweupe ni kinyume: akijaza fremu kamera inamfanya wa kijivu, kwa hiyo pandisha kidogo, ila uishie pale ambapo bado unaona nywele moja moja kifuani, kwani weupe ukishaungua hakuna wa kuurudisha.

Mwezi gani?

Picha karibu zote zinazoletwa zinafanana: mbwa amekaa kwenye majani, jua, ulimi nje. Jaji akishapata tatu za namna hiyo, ya nne ina kazi. Anahangaikia Aprili. Anahangaikia Julai. Mpe hiyo na ushindani unapungua wenyewe.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wingu linageuka kuwa taa laini ya mchana kutwa, hata saa sita unapiga. Ngoja mvua ikatike, mweke mbwa ng'ambo ya dimbwi tulivu la upana wa mita moja, shusha simu hadi lenzi iwe sentimita tano juu ya maji (igeuze juu chini, kwa simu nyingi lenzi itakuwa karibu zaidi na maji), na utapata mbwa wawili, mmoja amesimama na mwingine amepinduka chini yake. Asiyanywe maji yale. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kina ukungu wa asubuhi nyanda za juu, na ukungu ni pazia la nyuma lisilo na madumu. Septemba tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani: mbwa aliyekaa kando ya kadi yake ya chanjo, namba na majina yakiwa yamefichwa, ni picha ambayo shirika linaihitaji na hakuna anayeileta. Oktoba 4 ni Siku ya Wanyama Duniani. Desemba kila mtu analeta kofia nyekundu. Sisi tumeshasema kuhusu kofia.

Kuchagua na kutuma

Utarudi na picha 300. Futa kwanza zile ambazo jicho si kali, bila huruma na bila kuangalia kama mbwa alipendeza. Zilizobaki zitazame zikiwa ndogo kama stempu, kisha iegemeze simu ukutani ikionyesha picha nzima na urudi nyuma hatua tatu. Kama kutoka pale bado unajua mbwa anaangalia wapi, hiyo inaingia. Usichague na mwenye mbwa peke yake, yeye anaona tabia anayoikumbuka, siyo iliyopo kwenye picha.

Kuhariri kuwe kidogo. Snapseed ni ya bure na inatosha: nyoosha mstari wa ardhi, kata kwa umbo la A4, futa kamba, ongeza mwanga kidogo. Kabla ya kuamua mwanga, shusha mwangaza wa skrini hadi nusu, kwa sababu wino juu ya karatasi hauwaki kama kioo cha simu, na picha iliyoonekana sawa kwenye mwangaza kamili hutoka na giza. Kijani kikali cha majani na bluu ya bahari navyo hufifia kwenye chapa. Usivisukume zaidi ukidhani unasaidia. Usiandike jina lako juu ya picha wala kuweka fremu.

Hifadhi kama JPEG ya ubora wa juu kabisa. Usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa pikseli nyingi, na zitakazobaki hazitoshi kwa A4. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, au kwa kiungo cha Drive. Faili liitwe kwa jina la mbwa na mwezi unaoupendekeza. Andika sentensi mbili za kumhusu: umri, na kama ulimchukua KSPCA (shirika la Kenya la kulinda na kutunza wanyama), kituo kingine cha uokoaji, au mtaroni. Kama kuna mtoto kwenye picha, ambatanisha ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na asiwe amemkumbatia mbwa shingoni.

Faili halisi, lile ambalo hukuligusa, usilifute hadi kalenda itoke. Mchapaji akishapanga kurasa anaweza kuomba sentimita moja zaidi ya majani upande wa kulia, na majani hayo yapo kwenye faili hilo tu.